Naomba ushauri: zamu za wazazi zinatulemea
Habari zenu wazazi wenzangu. Tuko familia 7 hapa Nairobi, tunasomesha watoto nyumbani, na wao wenyewe ndio huchagua cha kujifunza. Tunakutana Jumanne na Alhamisi, wazazi kwa zamu. Watoto hawana neno: juzi binti yangu wa miaka 9 alifungua redio mbovu, akapanga skrubu kwenye trei ya mayai, hakuinuka hadi saa saba. Shida ni sisi wakubwa. Watatu hutoa mchango lakini zamu hawafiki, na mzigo unawaangukia akina mama walewale. Tukitoza faini, naogopa watajitoa. Tuandikiane mkataba, au tuajiri mtu? Halafu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka mtoto ahudhurie shule au taasisi iliyoidhinishwa, na hilo linaninyima usingizi. Mliopitia haya, mlifanyaje?