Kampuni kubwa za teknolojia zinaweza kubaki juu upepo ukigeuka?

Mdau_AreaC:
Wakuu, vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanadai kampuni ikishashika soko haiteteruki, maana ina hela ya kununua kila mpinzani. Sasa Nokia iko wapi? Pale Majengo sokoni ni Tecno, Infinix na Samsung tu. Ni mabosi walikosea, au kuna sababu ya ndani zaidi?

Fundi_Nkuhungu:
Mkuu, hela walikuwa nazo. Kilichowaponza ni msingi wa zamani. Symbian, mfumo ulioendesha simu zao, iliundwa kwa ajili ya simu za vitufe zenye memori kidogo. iPhone ilipotoka 2007, Nokia wakapachika kioo cha kugusa juu ya Symbian ile ile. Chukua Nokia N97 ya 2009: kioo chake mpaka ukibonyeze tabaka mbili zigusane, wakati cha iPhone kinahisi kidole tu. N97 ndani ina GB 32, lakini mfumo unang'ang'ania diski C, sehemu ya memori yenye nafasi finyu. Ikijaa, simu inalia memori imejaa na huku GB kibao ziko tupu! Sasisho haliponyi hilo, inabidi mfumo uandikwe upya, na Symbian ndiyo iliyokuwa inaleta mauzo. Nani achinje ng'ombe anayekamuliwa? 2011 wakahamia Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, 2014 kitengo cha simu kikaenda Microsoft.

DadaLaini:
Usisahau simu za laini mbili. Tecno iliwahi kuzileta Afrika, kipindi ambacho watu walibadilisha laini kutwa kukwepa gharama za kupigia mtandao mwingine. Nokia ilikuja kushtuka 2010. Hapo hakuna cha iPhone, ni kutomsikiliza mteja.

Msomaji_wa_Mahesabu:
Microsoft nao walianguka kwenye simu, mbona wako juu? Maofisi hayawezi kuachana na Excel. Azure, huduma yao ya kukodisha kompyuta kupitia intaneti, ilianza 2010, na 2014 wakaiweka Office kwenye iPad, kifaa cha mshindani. Walikubali Windows ishuke hadhi. Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, ilifanya kinyume: 2006 iliiuzia kampuni ya Marvell biashara yake ya chipu za simu, mwaka mmoja tu kabla ya iPhone.

Ukitaka kupima kampuni, fungua ripoti yake ya mwaka, nenda kwenye jedwali la vitengo. Linganisha faida ya uendeshaji (inayobaki baada ya gharama za kuendesha biashara, kabla ya riba na kodi) ya kila kitengo kwa miaka mitano. Mauzo peke yake yanadanganya. Na wakibadilisha mpangilio wa vitengo katikati, piga hesabu upya ya miaka ya nyuma, kwa sababu hasara inaweza kujificha humo humo.