Nimeuziwa "mwongozo wa afya ya mbwa" nusura niue mbwa wangu kwa mkono wangu. Watu wa Tanga tahadharini!

Wakuu, nawasalimu. Walio wakubwa kwangu shikamooni. Leo sina maneno matamu, mtanivumilia.

Mwezi wa pili nilinunua kitabu. Jalada linang'aa, jemani shepadi katoa ulimi, maandishi makubwa: mwongozo kamili wa kutibu mbwa nyumbani, kwa Kiswahili. Shilingi 45,000. Muuzaji nilimpata kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji, mzigo ukashushwa Kange na basi la Dar, nikaufuata mwenyewe kwa bodaboda. Nilijiona mjanja. Nakaa Pongwe, nina mbwa wawili wa ulinzi, na daktari wa mifugo humwiti kila mbwa akipiga chafya. Nikasema kitabu kitanivusha zile saa za usiku.

Kumbe kimetafsiriwa na mashine, na hakuna binadamu aliyekisoma kabla ya kukichapa. Mwanzoni tu kinanihimiza nihakikishe mtoto wa mbwa amepigwa risasi zote. Risasi! Wanamaanisha chanjo. Mbele kidogo: "chunguza kigoda cha mbwa kila asubuhi uone kama kina damu." Mke wangu akaniuliza, kwani mbwa wako ana kigoda? Tukabishana mpaka binti yetu wa kidato cha tatu akaangua kicheko: baba, ni kinyesi hicho, kwa Kiingereza neno ni lile lile. Na mambo yakizidi, kitabu kinasema mpigie simu "mkongwe" wako, kumbe wanamaanisha daktari wa mifugo, kwa Kiingereza "vet". Hapa Pongwe wakongwe tunao wengi, sijui nimpigie yupi.

Hayo ningecheka yakaisha. Lililonileta hapa ni la joto.

Jumapili usiku Simba, yule mkubwa, alikataa chakula. Ugali na vichwa vya samaki, kitu ambacho siku nyingine anataka kula na sufuria yake. Asubuhi namkuta chini ya mwembe, kope zimelegea, tone la damu puani. Nikatoa themometa niliyonunua duka la dawa, nikaipaka mafuta, nikaiweka nyuma kama kitabu kilivyoelekeza. Ikasoma 40.6.

Nikafungua kitabu. Joto la kawaida la mbwa: 101 hadi 102.5. Likishuka chini ya 99 mbwa yuko hatarini kwa baridi, mfunike blanketi, mwekee chupa za maji ya moto ubavuni.

Najua mnachotaka kusema. La binadamu nalijua, ni 37, lakini la mbwa ningelijuaje? Ndiyo maana nilitoa 45,000! Basi nikamfunika. Tanga hii, mwezi wa pili, saa sita mchana, kaskazi inavuma, nimemzungushia mbwa blanketi la Raymond na chupa mbili za maji ya moto.

Zile namba ni za kipimo cha Marekani, farenhaiti, na hakuna mahali kitabu kimesema hivyo. Kwa selsiasi yetu ni 38.3 hadi 39.2. Yaani mbwa alikuwa anaungua kwa homa, nami namwongezea kuni.

Daktari alifika jioni. Kitu cha kwanza alitoa blanketi, akaniangalia kama nilivyostahili kuangaliwa. Akamfunua mdomo: ufizi mweupe kama karatasi. Akapekua masikioni na katikati ya vidole, kupe kibao. Akachukua damu akaenda kupima. Ugonjwa wa kupe, ule wanaouita erlikia. Unapunguza chembe zinazogandisha damu, ndiyo maana pua inavuja. Akamwanzishia doksi (doxycycline, dawa ya kuua bakteria), wiki 4 kamili, akanionya nisije nikaacha siku ya tano kwa kuwa nimeona mkia unatikisika.

Nikamuuliza kuhusu kidonge. Maana kitabu kilisema maumivu yakizidi mpe ibuprofeni, bila kutaja hata uzito wa mbwa, na bahati tu sikuwa nayo ndani. Akasema dawa ile kwa mbwa inatoboa tumbo na kuharibu figo, na huyu ambaye tayari anavuja damu ningekuwa nimemmaliza.

Alipoondoka nikarudi kwenye sura ya kupe. Wameandika "tiki" mwanzo mwisho. Kurasa tisa za ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa huko Connecticut, unaoletwa na kupe wa kulungu. Erlikia mistari miwili. Kupe wa kahawia, huyu anayejificha kwenye nyufa za banda akataga humo humo mpaka ukimwosha mbwa leo kesho amejaa tena, hayupo kabisa. Ila ukurasa mzima wa chumvi wanayomwaga barabarani theluji ikianguka! Mji wetu una kituo cha utafiti wa mbung'o kwa miaka mingi, mbwa wanaowindishwa huko Handeni wanarudi na homa, jicho limeweka ukungu, na kitabu hakina hata herufi moja ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Kichaa cha mbwa je? Nusu ukurasa: pigia simu udhibiti wa wanyama wa kaunti yako. Kaunti, kana kwamba nimehamia Mombasa. Hakuna neno kwamba aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha siku hiyo hiyo aende hospitali akachomwe sindano, kwa kuwa dalili zikishaanza ndiyo basi tena.

Na picha zote mbwa yuko juu ya kochi, mwingine kitandani kwenye mto. Sisi wengine ni Waislamu, mbwa ni mlinzi, banda lake liko nyuma ya nyumba. Nionyeshe namna ya kumkagua kwa glavu uani, nitakushukuru.

Nilimdai muuzaji pesa yangu. Kwanza, "bosi, hicho kitabu kimetoka nje, mataifa wanakitumia." Nikamtumia picha ya ukurasa wa joto. Tiki mbili za bluu, kisha bloku. Jina simtaji, ila anayeuza mzigo kama huu kwenye makundi yenu mtamjua kwa lile jalada.

Daktari aliniruhusu kupekua cha kwake, kimechakaa, kimeshonwa uzi mgongoni. Tofauti niliiona pale pale. Kinaanza na unachokiona: anatapika, anachechemea, damu puani, hawezi kukojoa. Chini ya kila kimoja maswali mawili matatu, halafu kinakwambia huyu ni wa leo usiku, huyu anaweza kungoja asubuhi. Kuna picha ya ufizi wa rangi nzuri na uliofifia. Ubonyeze kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Changu kimepangwa kwa majina ya magonjwa. Ningekuwa najua ni erlikia, kitabu ningekitafutia nini?

Sasa nikishika kitabu cha mbwa naanzia ukurasa wa joto. Kama si selsiasi, au dozi haziendi kwa kilo, narudisha hapo hapo. Pili natafuta damu puani na kuharisha damu, maana parvo, ugonjwa wa virusi, inamaliza watoto wa mbwa haraka. Tatu naangalia kama kuna mahali mwandishi anasema hapa acha, mpeleke kwa daktari. Changu chote hakisemi hivyo, isipokuwa kwa mkongwe.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika "mbwa tu, kelele zote hizi", njoo ulale Pongwe wiki moja bila mbwa halafu tuongee.

Mnaouliza hali ya Simba: leo siku ya 19 ya dozi, anakula, jana kamtoa mbio muuza mkaa. Blanketi ndilo limebaki kesi. Mke wangu kasema halirudi ndani, hata nilifue mara saba na udongo juu.