Mnambadilishia mama goti kwa mamilioni, halafu mnampa fotokopi moja ya Kiingereza na "rudi baada ya wiki sita"?!

Wakuu, heshima kwenu. Nimejikaza wiki nzima nisiandike, nimeshindwa. Hospitali siitaji, mnisamehe. Mama bado ana kliniki pale na sitaki aje aonewe kwa sababu ya mdomo wangu. Ni hospitali kubwa ya hapahapa Dar, na wahusika wakisoma watajijua.

Mama ana miaka 67. Goti la kulia limemtesa miaka tisa. Tumepita kote: sindano za ndani ya goti, vidonge vya maumivu mpaka vikamletea vidonda vya tumbo, mafuta ya nyonyo, mzee mmoja wa Tanga na majani yake. Mwisho eksirei ikaonyesha mfupa unasaga mfupa, tukaambiwa dawa ni goti la bandia. Bima ikalipa sehemu, ndugu wakachanga, kiwanja cha Chanika kikauzwa. Na kwenye upasuaji wenyewe sina neno. Daktari bingwa kafanya kazi yake, kovu limenyooka kama mstari wa rula. Mambo yangeishia chumba cha upasuaji, leo ningekuwa nafungua uzi wa kumshukuru.

Siku ya pili kijana wa mazoezi alikuja, akamsimamisha mama, mama akapiga hatua nane kwa woka, ile fremu ya kushikilia ukitembea. Tukashangilia. Siku ya tatu ikawa Jumamosi, kijana hakuonekana. Jumapili vilevile. Jumatatu asubuhi nesi anasema mama ameruhusiwa, ananipa mfuko wa dawa na karatasi moja ya Kiingereza, fotokopi ya fotokopi, nusu ya maneno yamefutika, ina mchoro wa mzungu amelala anakunja mguu. Nikauliza haya mazoezi yafanywe mara ngapi. "Yameandikwa humo kaka. Kliniki wiki sita."

Sasa sikilizeni tulichokifanya nyumbani.

Goti lilikuwa limevimba kama papai, mama analia usiku. Mimi mwanawe, kwa mapenzi, nikamwekea mto chini ya goti. Akapata nafuu palepale. Akalala hivyo wiki tatu, usiku na mchana. Hakuna aliyeniambia kwamba ule mto ndio ubaya wenyewe, kwamba goti likizoea kukaa limekunjika kidogo linagoma kunyooka, na kinachotakiwa kuinuliwa ni kisigino ili goti lijinyooshe kwa uzito wake. Nimekuja kuyajua hayo wiki ya saba, kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, aliyekuwa ananitazama kama mhalifu. Mto niliuweka mimi, wakuu. Kila nikiuona pale kwenye kochi natamani kuuchoma moto.

Bado. Mama mdogo akashuka kutoka Morogoro kuja kuuguza, na mnawajua mama zetu: maji ya moto, chumvi, taulo, mgonjwa anakandwa asubuhi na jioni. Goti bichi lililotoka kukatwa, ambalo lilikuwa linataka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika kumi na tano au ishirini, sisi tunalichemsha. Kufika wiki ya nne kigimbi kikavimba, kikawa cha moto, kinauma. Mama mdogo akaongeza nguvu ya kukanda. Mungu ni mwema, siku hiyo alipita jirani yetu, nesi mstaafu, kusalimia tu. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake: "Acheni! Mtamuua!" Usiku ule ule tukakimbilia kipimo cha ultrasaundi. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu. Bonge la namna hiyo likichomoka linakwenda kwenye mapafu, na hapo habari inaweza kwisha ndani ya dakika chache. Sisi tulikuwa tunalisukuma kwa mafuta ya karafuu.

Na dawa ya kuzuia hilo ilikuwemo ndani ya ule mfuko! Vidonge vya kuzuia damu isigande, vimeandikwa 1x1, basi. Mama alidhani ni vya maumivu kama vile vingine. Siku akijisikia afadhali haviguswi, anavitunza "vya akiba". Sentensi moja tu ya Kiswahili, "mama, hiki hata usipoumwa meza", ingetosha.

Wiki ya sita tukaenda kliniki. Goti linakunja pembe ya nyuzi 55 tu. Kuinuka vizuri kwenye kiti unahitaji kama 90. Daktari akaangalia faili, akaangalia goti, akauliza: "Kwa nini hamkufanya mazoezi?" Mama akainamisha kichwa kama mtoto wa shule. Mimi nikatoka nje, maana ningekaa mle ningesema maneno.

Tungefanyaje, wakati tramadol za siku tano ziliisha na hakuna aliyetueleza kuwa dawa ya maumivu inamezwa kabla, ikishika ndipo ukunje goti? Bila dawa, hata mwanajeshi hakunji lile goti.

Halafu kuna hili linaloniuma kuliko yote. Kabla ya upasuaji waliniuliza namba ya bima mara nne. Waliniuliza ndugu wa kuchangia damu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumbani tuna choo gani. Tuna choo cha kuchuchumaa! Mtu mwenye goti jipya anachuchumaaje? Mama alikuwa anajizuia kunywa maji ili asiende chooni. Kiti cha plastiki nilikikata tundu mwenyewe, kwa msumeno, siku ya tano.

Wale wa "ungempeleka India": mgonjwa wa India naye anarudi Mbagala. Goti linagandia nyumbani.

Na siombi mashine ya mabilioni. Mfundisheni mgonjwa mazoezi kabla hamjamkata, akiwa na akili timamu na hana maumivu, na mwanawe awe amekaa pembeni anaona. Tafsirini ile karatasi. Mpangieni tarehe za fiziotherapia kabla hajatoka getini, siyo "mtatafuta huko mtaani". Mtu apige simu siku ya tatu aulize tu: mama, unalalaje? Angejibu "kwa mto", na leo nisingekuwa hapa. Hata lile la ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza wenye goti jipya, nimefundishwa na dereva wa bajaji ambaye mama yake alibadilishwa nyonga. Dereva wa bajaji!

Sasa wanasema arudishwe chumba cha upasuaji, alazwe usingizi, goti likunjwe kwa nguvu, na tusicheleweshe, kwa sababu miezi mitatu ikipita kovu la ndani linakuwa gumu. Malipo juu yetu. Nikiuliza kuhusu zile dawa za damu anazomeza sasa, najibiwa "tutaona". Tutaona nini?

Nyongeza, saa 4 usiku: nyie mnaosema ningesoma mtandaoni, nilisoma. Nusu ilikuwa ya nyonga, nikamkataza mama asikunje mguu kupita kiasi kama waliobadilishwa nyonga wanavyokatazwa. Goti linataka kinyume chake. Haya, nichekeni.

Mwenye mzazi aliyekunjwa goti akiwa usingizini aniambie: lilifika nyuzi ngapi, na lilibaki pale au lilirudi? Na kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia anayefika nyumbani maeneo ya Mbagala Rangi Tatu, anitafute pembeni. Tumepangiwa Jumatano ijayo.