Kihispania kwenda Kiingereza: "suplantación" na "trazabilidad" mnaziwekaje?

MfasiriVLC: Wakuu, salaam. Niko Valencia, natafsiri waraka wa usalama wa mifumo kwa mteja anayefuata Esquema Nacional de Seguridad (mfumo wa Hispania wa kanuni za usalama wa taarifa), ule wa Amri ya Kifalme 311/2022. "Cortafuegos" (firewall) na "contraseña" (nywila) hazinisumbui. Kinachonitesa ni "suplantación de identidad" (kujifanya mwingine): ukurasa huu ni barua pepe ya kitapeli, ukurasa wa pili ni kughushi anwani ya IP. Nitumie neno moja kote? Na "trazabilidad" je?

Baharia_wa_Bits: Neno moja litakuumbua. Barua ya kumlaghai mtu atoe nywila ni "phishing". Kughushi anwani ni "spoofing". Mtu akijifanya mtumiaji mwingine ndani ya mfumo, "impersonation". Mhispania kavitia vyote gunia moja, wewe vitoe kimoja kimoja.

Bi_Kamusi: Trazabilidad hapo weka "accountability", mdogo wangu. Angalia PILAR, programu ya Wahispania ya kuchambua hatari. Upande wa Kiingereza wameandika hivyohivyo. Maana yake ijulikane nani kafanya nini, lini. Halafu "seguridad" nayo ichunge! Kwa kawaida ni "security", ila mitambo ya kiwandani ikiweza kumjeruhi mtu, hiyo ni "safety".

MfasiriVLC: Shukrani dada. Programu ya kutafsiri imenipa "infected teams" kwa "equipos infectados", nimecheka peke yangu.

Baharia_wa_Bits: 😂 "Equipo" ni timu, lakini pia ni kompyuta. Kompyuta hizo, mkuu. Pitia kila "equipo" kwa mkono.