Ushauri: nimhamishie kijana shule ndogo ambayo nusu ya wanafunzi hawamalizi?

DadaKasulu
Habarini wadau. Nipo Texas mwaka wa tatu sasa, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, sisi Wakongo. Nina kijana wa miaka 18, shule yake ni kubwa, watoto zaidi ya elfu mbili. Juzi kaunsela kaniita, kasema kijana ana krediti 9, yaani pointi za masomo aliyofaulu, na ili amalize zinatakiwa 22, wenzake watavaa joho yeye atabaki. Wanashauri aende shule nyingine ya serikali, wanaiita ya mbadala, haifiki wanafunzi 150, wanasoma nusu siku, kila mmoja na kompyuta yake anakimbiza krediti kwa mwendo wake. Nikaingia mtandaoni kusoma ripoti yake, tangu hapo silali. Wanaomaliza kwa miaka minne hata nusu hawafiki. Wengi Walatino, wanaofuata weusi, karibu wote familia za kipato cha chini, na kwa wanaojifunza Kiingereza hakuna namba kabisa, kuna nyota tu. Hiyo nyota ndo nini? Hao watoto wameenda wapi? Naogopa ni jalala la kutupia watoto.

Mzee_wa_Boksi
Dada pole, ila watoto wa sasa tunawadekeza. Mimi nimeingia Houston 1999 sina hata koti, nabeba boksi usiku, mchana nasomea GED maktaba, ule mtihani wa cheti badala ya kumaliza sekondari, nikafaulu, leo nina nyumba yangu. Mnyang'anye simu huyo, krediti zitakuja zenyewe.

TichaDallas
Mzee, dada hajauliza habari za simu. Dada, nafundisha huku, nikueleze. Nyota maana yake kundi lina watoto wachache mno, namba inafichwa ili mtu asijue mtoto wa nani kafeli. Na hilo kundi la weusi limechanganya wote, Mmarekani mweusi na Mkongo aliyeshuka ndege jana, kwa hiyo watoto kama wako kwenye ripoti huwaoni hata wakiwepo. Halafu hiyo asilimia, saa ya miaka minne inaanza mtoto anapoingia darasa la tisa, mwanzo wa sekondari ya huku, akihama inahama naye. Wakimpokea leo na krediti zake 9 na muda ukaisha, doa linakuwa lao, ile shule kubwa inabaki safi. Wastani wa nchi nzima wa wanaomaliza kwa miaka minne ulikuwa asilimia 87 mwaka 2021–22, shule ya mbadala ukiipima na hiyo unaionea, inapokea walioshindikana kwingine. Na watoto wenyewe wakiwa thelathini, kila mmoja ni zaidi ya asilimia tatu, akibaki mmoja tu namba inashuka. Presha ishuke kwanza, Texas ana haki ya kusoma mpaka 21, na wilaya inayosimamia shule ikikubali hata mpaka 26. Ila swali langu, 9 kwa nini? Anafeli au haingii darasani?

DadaKasulu
Anaingia. Vipindi vya asubuhi tu ndo anachelewachelewa kidogo.

Kipanga_TZ
Kuchelewa kidogo ndo kule krediti 13? Hapo kuna binti, mchunguzeni 😂

MamaFuraha
Kipanga acha utani, mwenzio analia. Mdogo wangu, kijana analala saa ngapi?

DadaKasulu
Haya niseme. Anafanya kazi ghalani, anaingia saa nne usiku anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku tano kwa wiki. Mimi nilikuwa nasafisha vyumba hotelini, mgongo ukanigomea, nikafanyiwa upasuaji, mwezi wa tano huu sijasimama vizuri na kodi ni yeye analipa. Akirudi anavua vile viatu vya chuma mlangoni asiwaamshe wadogo, anakula wali wa jana amesimama maana anasema akikaa hataamka, basi la njano hilo limeshafika. Wiki iliyopita nimemkuta amelala kasimama, kaegemea friji, kijiko mdomoni. Hiyo shule ndogo ina zamu ya mchana, angepata kulala kwanza. Fomu nimeshasaini Ijumaa.

Mzee_wa_Boksi
Sasa ulikuja kuomba ushauri au kuomba baraka?

DadaKasulu
Mzee wangu ningefanyaje, tungelala nje? Kazi kaitafuta mwenyewe, mimi nilikataa, akaniambia nikipona ataacha.

Bwana_Penn
Fomu inarudishwa, usiogope. Huku Pennsylvania, wilaya ya Lancaster, mwaka 2016 vijana wakimbizi wa miaka 17 mpaka 21, kuna wa Kongo, Somalia, Sudan, Burma, walienda mahakamani kwa jambo hilihili. Wengine walikataliwa kuandikishwa, wengine wakasukumwa shule ya mbadala ya kukimbiza krediti, masomo yanaenda mbio na Kiingereza hawakijui, walikuwa hawaelewi kitu. Jaji akaamuru waruhusiwe kuingia shule ya kawaida yenye programu ya wageni wa lugha, wilaya ikakata rufaa, 2017 ikashindwa. Kwa hiyo wewe kaulize jambo moja tu, mwalimu wa Kiingereza kwa wageni yupo pale kila siku au anapita mara moja kwa wiki?

Kipanga_TZ
Wadau tunapigwa. Kwenye uzi wa magari ya mtumba huyu dada alisema ana miaka 29. Mtoto wa 18 kamzaa na miaka 11? Hii chai.

Shangazi_Ubungo
Kumbe! Na mimi machozi yalinitoka jamani.

DadaKasulu
Ndiyo nina 29. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, tulimzika palepale Nyarugusu, kijana akiwa na miaka minane. Tangu siku hiyo ananiita mama. Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, mlitaka niseme nani? Kule kambini alikuwa wa pili darasani. Walisoma mtaala wa Kongo, kila kitu Kifaransa, ndo kufika huku akaanza moja na Kiingereza, mtihani wa English I, ule wa Kiingereza wa sekondari, kaurudia mara mbili.

MamaFuraha
Kipanga omba radhi.

Kipanga_TZ
Samahani dada, nimeteleza.

TichaDallas
Subiri subiri. Kifaransa anakiandika? Dada, katika zile 22, krediti 2 ni za lugha ya kigeni. Aombe mtihani wa kupata krediti bila kukaa darasani, akifaulu anazo. Na wilaya inatakiwa kuzikagua karatasi za shule ya nje, madarasa ya chini hayatahesabiwa ila ya sekondari peleka. Waliwahi kukuuliza?

DadaKasulu
Hakuna aliyeuliza. Wamemweka darasa la Kispania, na kafeli.

TichaDallas
Kesho nenda. Shule ndogo au kubwa itafuata baadaye, anza na hilo.

DadaKasulu
Nimeshusha juu ya kabati lile begi la IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha. Bulletini zake, ripoti za shule ya kambini, zipo nne, moja imelowa kona ila muhuri unasomeka. Yeye ameshaenda kazini. Nimeziweka juu ya sahani ya wali, azione akirudi.