Mtoto akiumia mechini, nani aamue arudi uwanjani?

Wadau wa michezo Moshi, naomba tulijadili hili kabla UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na sekondari, hazijatukuta. Mtoto akiumia katikati ya mechi, nani mwenye neno la mwisho? Kwa sasa ni kocha. Mimi nasema asiwe kocha, wala mzazi, wala mtoto mwenyewe.

Wote watatu wanautaka ushindi. Mwalimu wa michezo anabanwa na uongozi wa shule, mzazi anawaza timu ya mkoa, na mtoto ndiyo kabisa: atakuambia "niko fiti, mwalimu" huku anachechemea. Mashindano nayo yanapanda upesi kutoka shule hadi wilaya na mkoa, kwa hiyo enka iliyoteguka leo haipewi nafasi ya kupona.

Na mwili wa anayekua una hatari yake. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini, ndiko mfupa unakorefukia. Mara nyingi sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazofunga kiungo, hivyo pigo ambalo mtu mzima angeteguka tu, kijana wa miaka 13 anaweza kuvunjika hapo. Isipotibiwa vizuri, mguu unaweza kukua umepinda au kubaki mfupi kuliko mwenzake.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtoto anatolewa uwanjani anapelekwa moja kwa moja kukandwa. Wazee wetu wa kuchua nawaheshimu, wamesaidia wengi. Lakini jeraha bichi halitaki maji ya moto wala mkono mzito: siku mbili tatu za mwanzo vinaongeza uvimbe, na kama mfupa umevunjika, kuchua kunaweza kuusogeza. Mfunge bandeji isiyobana sana, muwekee barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hivi, mguu uinuliwe. Akishindwa kutembea hata hatua nne, hospitali, apigwe eksirei.

Najua jibu litakalokuja: shule zetu zitawatoa wapi madaktari wa michezo? Sidai daktari. Nadai mtu mmoja asiye kocha, awe matroni au mwalimu wa somo lolote, afundishwe mambo machache na apewe mamlaka. Aliyegongwa kichwa akapepesuka, akachanganyikiwa au akazimia, hata kwa sekunde chache, harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Goti likivimba papo hapo, anatoka. Wa kumfundisha wapo hapa hapa mjini. Hospitali ya KCMC inafundisha wataalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), na chuo cha TATCOT kinafundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia mwili. Tukiwaomba wanafunzi wao waje siku za mechi Majengo na Pasua, sioni wa kukataa.

Wengine husema, "Sisi tulicheza peku kwenye vumbi na tuko wazima." Wanaosema hivyo ni waliobaki mchezoni. Aliyeharibika goti akiwa kidato cha pili aliacha kuja uwanjani, hayumo katika hesabu yetu.

Kuhusu kinga sitasema mengi, maana haina ubishi. Kuna mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA yanayoitwa 11+, dakika 20 tu: kukimbia, kujenga misuli ya mapaja na tumbo, kuruka na kutua goti lisiingie ndani. Utafiti wa Norway uliotoka 2008, kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, ulikuta majeraha kwa jumla yamepungua kwa takriban theluthi moja. Hayahitaji kifaa cha kununua.

Panaponipa shida ni hapa: fainali, timu haina tena wa kuingia, na matroni amesema mtoto atoke. Kocha akigoma, mwamuzi awe na mamlaka ya kusimamisha mchezo? Mimi naona ndiyo. Waamuzi na makocha mliomo humu, mnasemaje?