Kuhara damu kwa vifaranga: monensini ya chakula au amproliamu ya maji?

Nzega_Kuku
Wakuu, habari za kazi. Nina broila 200 wachanga, kuku wa mayai 40, kanga 15 na punda wawili, wote boma moja. Chakula nachanganya kwa koleo. Mvua zimeanza, pumba za mpunga bandani hazikauki. Dukani kuna monensini ya asilimia 20 na amproliamu ya asilimia 20. Nichukue ipi?

Uyui_Mifugo
Mkuu, hizi hazifanyi kazi moja. Kuhara damu huletwa na kimelea cha utumbo kiitwacho koksidia. Monensini ni ionofori: huingiza sodiamu ndani ya kimelea hicho, maji yanaifuata, kimelea kinavimba na kupasuka. Inakiwahi kabla hakijajichimbia kwenye utumbo, kwa hiyo ni kinga. Damu ikishaonekana kwenye kinyesi, umechelewa. Hapo ni amproliamu: gramu 24 za unga wake wa asilimia 20 kwa lita 20 za maji, siku 3 hadi 5, kisha gramu 6 kwa lita 20 kwa wiki moja au mbili. Amproliamu hujifanya vitamini B1 na kukinyima kimelea lishe, hivyo siku hizo usiwape kuku vitamini hiyo.

Urambo_Chakula
Kwa broila mimi nasimama na monensini. Usugu wake huja polepole, na vimelea vichache vinavyoponyoka humjengea kuku kinga. Kipimo ni miligramu 100 kwa kilo ya chakula, yaani gramu 50 za unga wa asilimia 20 kwa kilo 100.

Kuku hufia kwenye uchanganyaji. Ukimwaga gramu 50 juu ya lundo ukageuza kwa koleo, upande mmoja unabaki bila dawa na mwingine unakuwa sumu. Changanya kwanza na kilo 1 ya pumba laini ya mahindi, halafu kilo 10, ndipo uingize kwenye lundo lote. Pima kwa mizani ya gramu, si kijiko. Vaa barakoa, miwani na glavu, vumbi lake linawasha macho. Haiyeyuki vizuri majini, usiitie kwenye vyombo vya kunywea. Ikizidi, kuku hulalia kifua, miguu imenyooka nyuma. Ondoa chakula hicho mara moja, dawa ya kuizimua haipo.

Uyui_Mifugo
Kipimo ni sahihi, lakini kwa boma hili sikubali. Miligramu 2 hadi 3 kwa kilo ya uzito zinatosha kuua farasi, wakati kwa kuku kiwango cha kuua ni karibu 200. Punda ni ukoo wa farasi, na hakuna anayemzuia kulamba chakula kilichomwagika. Kanga nao hufa. Wanaotaga hawapewi kabisa. Chukua amproliamu, na geuza pumba za bandani kila siku.

Nzega_Kuku
Nimeelewa, mkuu. Na tiamulini ya mafua ninayo ndani, je?

Urambo_Chakula
Hiyo na monensini kamwe! Tiamulini huzuia ini kuivunja monensini, kuku wanapooza kwa dozi ya kawaida. Ziachanishe siku 7 kabla na 7 baada. Ukija kuwatengea broila banda lao na kutumia monensini, gunia lililobeba chakula hicho usimwekee punda pumba.